Mgeni wa Wodi ya Mifupa

Mtu mmoja alikuwa na mikono iliyojua mawe. Jina lake Ambakisye, mwashi wa milimani Rungwe, na kuta alizojenga zimesimama hadi leo. Asubuhi moja alikuwa akitembea kando ya barabara, lori la mbao likaacha njia, likamgonga na kumtupa mtaroni. Bega la kulia likavunjika.

Mkewe, Tusekile, alifika pale damu haijakauka. Hakulia. Aliandika namba ya lori kiganjani, akachukua jina na namba ya simu ya mama mmoja muuza mahindi aliyeona yote. Akampeleka mumewe hospitali, akaenda kituoni kuchukua fomu ya polisi. Shati lenye damu alilikunja bila kulifua. Majirani walisema ana moyo mgumu.

Siku ya pili, saa sita mchana, mgeni akaja wodini. Ulikuwa msimu wa kiangazi, hospitali nzima imekuwa nyekundu kwa vumbi, lakini viatu vyake havikuwa na hata chembe. Alisema kwa sauti laini kwamba ametumwa na kampuni ya bima ya lile lori. Akaweka simu yake juu ya shuka.

"Hujambo, mzee wangu?"

"Sijambo."

"Na bega?"

"Halijambo, namshukuru Mungu."

Ambakisye alilelewa hivyo. Mgeni hapokewi kwa malalamiko. Alipoulizwa kama siku ile ya ajali alikuwa na haraka, alijibu, "Kidogo tu," ili mazungumzo yasikauke. Mgeni akatabasamu, akaichukua simu yake. Siku ya tatu alirudi saa ile ile, na maswali yale yale. Muuguzi aliyekaa mlangoni aliapa kwamba hakuona mtu akiingia wala akitoka.

Siku ya nne alikuja na karatasi na wino. Alisema ni ya kumsaidia apate fedha upesi, mambo yaishe. Ambakisye hakuweza kushika kalamu, akatoa dole gumba la kushoto. Lilikuwa limekwisha kulowa wino Tusekile alipoingia. Alilishika, akalifuta kwa kanga yake, kisha akamgeukia mgeni.

"Baba, hata daktari hajajua bega hili litaishia wapi. Wewe unalimalizaje leo?"

Mgeni alikunja karatasi yake akaondoka, na katika korido ile ndefu hakikusikika kishindo hata kimoja.

Wiki ya sita plasta ilitolewa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikataa kukunjika. Daktari akasema mshipa wa fahamu umekufa. Mkono huo hautashika nyundo tena.

Walipofika mbele ya hakimu kudai fidia, wakili wa kampuni aliweka simu mezani. Sauti ikatoka. Sijambo. Halijambo. Kidogo tu. Ilikuwa sauti ya Ambakisye mwenyewe, nyepesi, yenye afya kuliko yeye. Aliona kama yumo mtu mwingine mle ndani, mzima, mwenye jina lake, aliyekuja kuapa kwamba hakuna aliyeumia. Akageuka kumtafuta kwenye mabenchi.

Ndipo Tusekile akafungua mfuko wake. Akatoa fomu ya polisi, picha za mifupa, shati, na daftari alimoandika maumivu ya mumewe siku baada ya siku: leo hakulala, leo ameshindwa kufunga kifungo. Muuza mahindi akasimama, akaeleza alichokiona. Hakimu akaamuru fidia ilipwe, lakini akaipunguza robo, kwa kuwa lile neno la kuwa na haraka, lililosemwa kwa adabu, lilimtwika Ambakisye sehemu ya kosa. Robo hiyo hawakuipata kamwe.

Nawauliza ninyi mnaofunika vidonda vyenu mbele za watu ili muitwe waungwana: siku mtakapohitaji shahidi kwamba mliumia, atatoka wapi?