Bi Rabab na Mkate Uliomegwa

Wamepokezana watu wa zamani kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mcha Mungu aitwaye Bi Rabab, mjane aliyewafundisha wanawake Qur'ani nyumbani kwake kila baada ya swala ya alasiri. Upole wake ulisifiwa mji mzima. Lakini upole wa mtu haushuhudiwi na wageni wake. Wanawe ndio mashahidi.

Siku moja, darasa likiwa limekaa, bintiye Juwayria, mtoto wa miaka minne, alitaka mkate. Mama akaumega, akampa nusu. Mtoto akautaka mzima. Akapewa na nusu ya pili. Akaitupa, akajibwaga sakafuni, akaangua kilio, kwani alitaka mkate ule urudi kuwa mmoja kama ulivyotoka tanurini. Jambo hilo, ndugu zangu, hata wafalme hawaliwezi. Bi Rabab akambembeleza, akamkanya, na aibu ya kutazamwa na wanafunzi ikamzidi. Akafoka: "Laiti nisingekuzaa!"

Mtoto akanyamaza ghafla. Mama alipomnyooshea mkono, alijikunyata, kisha akakimbilia chumba cha ndani. Bi Rabab aliumia sana moyoni, kwa kuwa aliona wazi kwamba mwanawe amemwogopa.

Akafanya walifanyalo wacha Mungu: akatia udhu, akaswali rakaa mbili, akaleta istighfari, akimwomba Mola msamaha mpaka machozi yakamtoka. Hata hivyo utulivu hakuupata. Akamweleza Bi Nusayba, aliyekuwa mkubwa wa wanafunzi wake kwa umri.

"Mwalimu wangu," akasema Bi Nusayba, "si wewe uliyetufundisha kuwa haki ya mja haifutiki kwa istighfari mpaka mwenyewe asamehe?"

"Naam. Lakini huyu ni mtoto wa miaka minne."

"Kwani yeye si mja?"

Bi Rabab akainamisha kichwa. Elimu aliyowagawia watu miaka yote, kwake mwenyewe ilikuwa bado haijaingia. Akaenda chumbani, akamkuta Juwayria nyuma ya mtungi wa maji.

"Mwanangu, nimesema neno baya, wala si kweli. Namshukuru Mola kila siku kwa kunipa wewe. Nisamehe."

Mtoto akamtazama, kisha akaanza kulia upya: "Mkate wangu!"

Hasira ikampanda tena Bi Rabab, maana hasira haina haya. Hapo akakumbuka mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na aketi, na isipomwondoka na ajilaze. Akaketi. Haikuondoka. Basi mwalimu wa mji mzima akajilaza sakafuni kando ya mtungi, akafumba macho, akashusha pumzi. Kilio kikapungua kidogo kidogo. Mara akahisi kichwa kidogo kimetua juu ya mkono wake.

"Mama, umechoka?"

"Nimechoka, mwanangu. Nisamehe."

"Hata mimi nimechoka," akasema Juwayria. "Nimekusamehe."

Wakakaa vivyo hivyo mpaka pumzi zao zikatulia. Bi Rabab akahisi mzigo umemshuka kifuani, akamhimidi Mola wake kwa furaha.

Ewe unayelea, hasira ikikutangulia kwa mwanao, usitosheke na mswala wako. Mwendee, umwombe radhi wala usione haya. Kila siku tunawahimiza watoto waombe msamaha. Watajifunzia wapi, kama wao hawajaombwa hata mara moja?