Mkono wa Nyani Mlangoni pa Shule

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kugombana nao, palikuwa na shule moja bondeni. Ilikuwa shule ya wote. Nyati walisomba mawe, nyani wakaezeka paa, na pimbi, wale wadogo wanaoishi kwenye miamba, wakakanda udongo kwa miguu yao mifupi. Aliyenisimulia kisa hiki ametangulia mbele ya haki, naye hakuwa mtu wa haraka. Nami nitakwenda polepole.

Mwalimu mkuu alikuwa Tembo. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa Nyati. Mpimaji wa watoto alikuwa Nyani.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Mtoto alisimama mlangoni, akapitisha mkono juu ya kichwa, akagusa sikio la upande wa pili. Akiligusa, amekua, anaingia darasani. Asipoligusa, anarudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Kanuni hiyo aliitunga Nyani, na wanawe waligusa masikio yao huku wakicheka. Ndama wa nyati na wa tembo hawakupimwa.

"Hao ukiwatazama tu unaona wamekua," Nyani alisema.

Bi Pimbi alikuwa mjane. Mumewe, Mungu amrehemu, alinyakuliwa na tai akiwa anakanda udongo wa shule hiyohiyo. Asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani, marehemu alikuwa amesema kwamba binti yao Siwema lazima asome. Sasa Siwema alikuwa msichana mkubwa kwa hesabu ya pimbi, lakini mkono wake ulikuwa mkono wa pimbi. Na Nyati alikwisha kutamka: mwaka huu akishindwa tena, apewe ndoo, awe mchota maji wa shule maisha yake yote.

Siku ya kupima ikafika.

"Nyoosha," Nyani akasema.

Siwema akanyoosha. Mkono ukafika kwenye paji la uso, ukakwama.

"Bado. Mleteeni ndoo."

Bi Pimbi akasogea mbele, akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu Tembo."

"Marahaba, mama Siwema. Pole sana. Kanuni ni kanuni."

"Siikatai, Mwalimu. Nauliza tu, nipate la kuwaeleza wenzangu. Anayeshindwa anakaa nje, awe nani?"

"Awe yeyote. Shule yangu haina upendeleo."

"Mungu akuzidishie. Basi naomba mwanangu aonyeshwe na mtu mzima. Sisi wa miambani hatujui mambo."

"Nitamwonyesha mimi," Nyani akasema, mkono tayari uko sikioni.

"Wewe, kaka yangu, mtoto hatajua kama unaonyesha au unajikuna. Nilimfikiria Mwenyekiti."

Nyati alipenda sana kuitwa Mwenyekiti. Akatoka mbele ya watu, akakohoa, akainua mguu wa mbele kuelekea sikio. Tifu! Akaanguka ubavu. Akainuka, akautazama mguu wake kama ameazimwa.

"Huo ulikuwa wa kushoto," akasema. "Ngojeni wa kulia."

Tifu!

"Labda sikio ndilo limesogea," akasema akiwa palepale chini.

"Mwenyekiti, unatuaibisha," Tembo akasema. "Tazama hapa." Akainua mkonga, akaupitisha juu ya kichwa, chap, akagusa sikio.

"Ahsante, Mwalimu," akasema Bi Pimbi. "Ila naomba kuuliza. Hiyo si pua?"

Tembo akauangalia mkonga wake kwa muda mrefu.

"Ni pua," akasema.

"Siwema, mwanangu, hiyo usiifuate. Hapo Mwalimu alituonyesha pua. Sasa atatuonyesha mkono."

Tembo akainua mguu wa mbele. Ukafika usawa wa kifua, ukakataa. Akajikaza, akaegemea ukuta, ukuta ukalia kwa-kwa-kwa. Mwishowe, puu! Akakaa chini, vumbi likawafunika wote.

Vumbi lilipotulia, Nyati ndiye aliyesema kwanza. "Mimi sijaelewa. Kama sijafikia umri wa kuanza shule, mbona ni mwenyekiti wa wazazi?"

"Na mimi," akasema Tembo, "nimekuwa nikifundisha vipi, kama sijaanza darasa la kwanza?"

"Na ndama wangu je?" Nyati akaongeza. "Mtoto amekua, baba bado?"

Wakamgeukia Nyani. Nyani alikuwa anajikuna sikio. Alipoona wanamtazama, akaushusha mkono taratibu.

"Mimi sina elimu," akasema Bi Pimbi. "Najua neno moja tu, alilosema Mwalimu. Anayeshindwa anakaa nje."

Tembo alikuwa mkweli. Akainuka, akatoka nje ya uzio. Nyati akamfuata, na ndama wote nyuma yao, wakiulizana wamekosa nini. Darasani wakabaki Nyani na wanawe. Kengele ikalia.

"Baba, tusome nini?" watoto wakauliza.

"Nyoosheni mikono."

Wakanyoosha, wakagusa masikio.

"Halafu?"

Nyani akafikiri sana. "Badilisheni mkono."

Tembo alisikia yote hayo kutoka nje. Akainama mpaka macho yake yakakutana na ya Bi Pimbi. "Mama Siwema, ulijua kwamba sitaweza?"

"Nilijua, Mwalimu. Miguu yetu inafanana, ila wako umekula zaidi."

"Sasa nifanyeje? Nina masomo kichwani na siruhusiwi kuingia."

"Swali hilo nimekuuliza kila mwaka," akasema Bi Pimbi. "Mimi nina mtoto mwenye hamu ya kusoma, na haruhusiwi kuingia. Wewe uliniambia nisubiri."

Tembo akainuka, akarudi hadi mlangoni. Akausukuma mlango kwa mkonga, akaushikilia wazi. "Waingie wote," akasema. "Kuanzia leo masikio ni ya kusikilizia."

Ndama wa nyati akakimbilia kiti cha mbele. "Rudi nyuma, mwanangu," Tembo akamwambia. "Siwema akikaa mbele, wewe utaona ubao juu ya kichwa chake. Ukikaa wewe, yeye ataona mgongo wako."

Siwema akakaa mbele. Ile ndoo ikawekwa kona ya darasa, kila mwanafunzi akawa na siku yake ya kuchota maji. Na huko nje, kwenye uwanja, Nyati alikuwa bado anajaribu ule mguu wa kulia.

Wanangu, shule iliyojengwa kwa mikono ya wote, mlango wake usipimwe kwa mkono wa mmoja.