Mhanga Aliyewapa Mgongo Wenye Kiu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya sasa.

Hapo zamani za kale, bwawa lilikauka, na Nyati na Mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, wakagombana.

"Kesho alfajiri tunahama wote," Nyati akafoka. "Ng'ambo ya milima!"

"Mwanangu hata kutembea bado!" Mhanga akamjibu. "Maji yapo hapa hapa, chini. Tuchimbe pamoja. Peke yangu siyafikii."

"Basi jioni tueleze. Tukisinzia, tunahama."

Mhanga akashinda anachora mchangani. Akachora udongo mwekundu. Akachora udongo mweupe. Akachora mizizi, akachora mawe, akamchora na marehemu babu yake. Uwanja ukajaa.

Jioni wanyama wakaja, ndimi nje. Sasa, Mhanga si mchimbaji? Mchimbaji pua chini, mgongo nyuma. Basi akawapa mgongo, akaanza kuusomea mchanga.

"Huu ni udongo mwekundu. Kama mnavyoona, ni mwekundu..."

Na kila akisogea kwenye mchoro mwingine, miguu inarusha mchanga. Fyaa! Mchanga machoni mwa Nyati. Fyaa! Mdomoni mwa Ngiri.

"Jamani," Ngiri akatema mate, "huyu anatueleza au anatuzika?"

Fisi alishalala. Khorr! Khorr!

Nyati akainuka. "Tunahama."

Weee! Mhanga akapandwa na hasira. Akachimba katikati ya michoro yake, chaka! chaka! chaka! Babu akafutika. Mhanga akazama mpaka mkia.

Akatoka, pua imejaa tope. Safari hii akageuka. Akamtazama Nyati usoni, akampaka tope mdomoni.

"Lamba."

Nyati akalamba. Akalamba tena. "La baridi! Limetoka wapi?"

"Hapo chini. Kucha zangu zimeishia hapo. Panataka kwato."

Nani alisinzia tena, mbali na Fisi? Wakachimba, chaka! chaka! Maji yakatoka, bubu-bubu-bubu. Mtoto wa Mhanga akanywa wa kwanza.

Fisi akaamka, akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. "Bwana Mhanga, hongera! Michoro ilikuwa mizuri, hasa ule wa mwisho."

"Njia ya ndama kushukia majini bado haijachimbwa," Mhanga akasema. "Umekunywa. Chimba."

Nawaambia wazi, wakubwa kwa wadogo: ukitaka watu wakusikie, wageukie, uwaonjeshe jambo lenyewe.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na koo limenikauka. Mmesikia mpaka mwisho. Leteni maji yangu.