Kafi la Mwavita

Kafi likilala, ndoano hula jiwe. Mmenisikia nikimwambia maneno hayo mpwa wangu Sadoki, aliyefunga karakana yake ya useremala tangu afiwe na mkewe, na sasa mmenizunguka mnauliza hilo jiwe limetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe weka simu chini, hadithi hii haipigwi picha. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, na ilianza hivi.

Kijijini kwetu, kwenye ufuko wa mawe wa Ziwa Tanganyika, baba yangu Bihome alisifiwa kwa kurambaza. Mnajua kurambaza? Ninyi mnajua kula tu. Ni kuburuta mshipi nyuma ya mtumbwi unaotembea, na mwisho wa mshipi pana chambo cha uongo kinachong'aa, samaki akakidhania dagaa. Chambo cha baba kilikuwa kijiko cha chai. Alikikata mpini, akakisugua kwa majivu mpaka kikametameta, akakitia ndoano. Kwa kijiko hicho alivua kuhe, yule samaki mkubwa wa manjano akaaye kwenye mawe, hata watu wakasema kijiko kina bahati.

Baba alifariki kwa homa, mimi nikiwa bado mgongoni. Kwetu mvuvi akifa, kafi la mtumbwi wake hulazwa kizingitini, na watu wa nyumba hiyo hawaendi ziwani siku arobaini. Arobaini ikiisha, mjane hulisimamisha ukutani na maisha huendelea. Mama yangu, Mwavita, hakulisimamisha. Ikapita arobaini, ikapita miezi saba, kafi limelala palepale, kuku wanaliruka. Mama alishinda ndani. Alipika akikumbuka, na akipika alisahau kula. Simlaumu. Alimpenda mumewe, na pendo halina arobaini.

Aliyebeba nyumba zote mbili, yake na yetu, ni baba mdogo, Rusimbi, mdogo wake marehemu. Huyu alikuwa mvuvi wa kutulia: anatia nanga, anateremsha ndoano, anangoja. Lakini aliona shemeji yake anakonda, akakumbuka kwamba tangu aolewe, Mwavita hajawahi kukataa kichwa cha kuhe. Akaja kuazima mtumbwi wa kaka yake na kile kijiko.

"Kijiko nitakirudisha, shemeji," alisema.

"Kirudi kweli," mama akamjibu. "Sina kingine kilichotengenezwa na mkono wake."

Maneno hayo yakamkaa Rusimbi kichwani. Akawa anapiga kafi lake mara tano, anageuka kutazama kama mshipi upo. Siku mbili hakupata kitu. Siku ya tatu asubuhi, karibu na rasi ya mawe, mshipi ukashtuka. Kwa mazoea yake ya kutulia, akaweka kafi chini ili aushike vizuri. Mtumbwi ukasimama, mshipi ukalegea, samaki akajinasua, na kijiko kikazama taratibu mpaka kikashika jiwe. Akavuta, hakitoki. Alijua akizidisha nguvu mshipi utakatika, basi akaufunga kwenye kidumu kitupu kielee pale juu ya maji, akarudi nyumbani.

Alisimama nje ya mlango wetu. Hakuthubutu kuliruka lile kafi.

"Shemeji, nisamehe. Kijiko cha kaka kimenasa kwenye jiwe."

Mama akainua uso. "Mshipi umekatika?"

"Bado. Nimeuacha na kidumu."

"Ulikuwa unafanya nini mpaka kikazama?"

"Samaki aligusa. Nikaweka kafi chini nishike mshipi."

Mama akamtazama, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kikageuka kilio.

"Nyote mlimsifu Bihome," alisema. "Mshipi ulikuwa wake, sikatai. Na kafi alipiga nani? Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma. Akipiga kelele kwamba ameshika, sigeuki, sisimami. Shemeji, kafi likilala, ndoano hula jiwe!"

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Macho yake yakashuka kizingitini, kwenye kafi lililojaa vumbi na manyoya ya kuku. Rusimbi akasogea pembeni kumpisha mlangoni, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya wiki ile.

Mama akanikaza mgongoni kwa kanga. Akainama, akaliokota kafi. Hakulisimamisha ukutani kama desturi inavyotaka, alitoka nalo moja kwa moja mpaka ufukoni, na Rusimbi nyuma yake.

Walipofika kwenye kidumu, Rusimbi akaanza tena kuvuta.

"Acha! Ushike tu," mama akamwambia. Akapiga kafi, akaupitisha mtumbwi juu ya jiwe mpaka upande wa pili, kule Rusimbi alikokuwa ametokea asubuhi. Mshipi ukavutika kwa huko, na kijiko kikaachia chenyewe. Kilitoka na mkwaruzo, upo mpaka leo.

"Alhamdulillahi. Sasa tukiweke, turudi," Rusimbi akasema.

"Kitupe majini. Tutarudi tukirambaza."

Hawakufika mbali. Mshipi ukashtuka, Rusimbi akapiga kelele, "Ameshika! Simama, shemeji, simama!"

"Vuta wewe! Mimi napiga!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini mkono haukusimama na shingo haikugeuka, mpaka aliposikia kuhe akijipigapiga ndani ya mtumbwi. Mchana ule alikula kichwa chote mpaka macho. Baba mdogo alilalamika hadi uzeeni kwamba hakuachiwa hata shavu.

Sasa msiende kwa Sadoki mkamwambia bibi kakataza kulia. Mama yangu alimlilia Bihome miaka mingi, ila alilia akipiga kafi. Nendeni mkamfungulie karakana, mfagie vumbi, mmtilie randa mkononi. Akiwauliza nani kawatuma, mwambieni ni Mwavita: kafi likilala, ndoano hula jiwe.