Kilichoitika Hodi

Ti. Mlio mdogo, kama punje ya mchele iliyodondoka kwenye sinia, ulimwamsha Bi Biubwa kabla ya adhana. Ulitoka chini ya mto, kwenye simu ambayo mjukuu wake Nadia, nesi wa Pemba ya Msumbiji, aliitegesha ilie kila kifaa kinapoingia katika mtandao wa nyumba. Aliitazama. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: SABURI.

Saburi alikuwa mwanawe wa pekee. Hakuonekana tena tangu siku walipoikimbia Mocímboa kwa vita, alipowatoa mama na mkewe hadi mwisho wa mashamba, kisha akarudi kumbeba jirani asiyeweza kutembea. Miaka imepita. Sasa, katika nyumba ya matofali walimohifadhiwa huko Quitunda, jina lake liliingia kila alfajiri. Likishaingia, Nadia akipiga simu ya video baada ya zamu yake ya usiku, uso wake uliganda kinywa wazi, kisha ukatoweka. Adhana ikiisha, jina nalo liliondoka.

"Ananiita," Bi Biubwa alisema. Furushi lake lilikuwa tayari limefungwa. "Ijumaa napanda basi la chapa, nakwenda Mocímboa kumtafuta."

"Mama, njia ile si wote wanaoipita wakafika," alisema Haula, mkwewe, mke wa Saburi, macho chini.

"Simu si anayo? Ulisema mwenyewe kuwa anayo."

Haula akainuka, akaingia chumbani kwake, akashusha pazia.

Alhamisi alifika Aiuba, fundi wa mtandao kutoka Nhica do Rovuma, aliyeitwa na Nadia. "Shikamoo, bibi. Nimeambiwa kuna mgonjwa. Yuko wapi?"

"Marahaba. Yule pale ukutani, anakonyeza macho mekundu wala haoni haya."

Aiuba alikitazama kisanduku cha mtandao, akacheka, akafungua kompyuta yake. Punde kicheko kikamwisha. "Bibi, kuna kifaa kinachogombea namba moja na simu yako. Namba za zamani ni chache, kama vitanda vya gesti. Akiondoka huyu, hulazwa yule. Simu yako imepewa namba ambayo mwenzake aliandikiwa kwa mkono. Akija, anakutoa."

Kule Mocímboa, Saburi ndiye aliyekuwa akiiandikia simu yake mwenyewe namba kwa mkono. Tena mtandao huu ulikuwa na jina na nenosiri la nyumba ile ya zamani. Bi Biubwa mwenyewe alitaka hivyo, mwanawe akirudi asipate taabu kuingia.

"Nitawapa anwani za mfumo mpya," Aiuba alisema. "Zinatosha kila punje ya mchanga wa pwani hii. Na zina adabu. Kifaa hakikai kabla ya kupiga hodi: 'Kuna aliye hapa?' Kisipojibiwa, ndipo kinakaa."

Alikipanga upya kile kisanduku, akakionyesha njia ya kutokea hadi kwenye dishi la paani. Alipomaliza, jua lilikuwa limezama, na barabara ile haipitwi gizani. Haula akamtandikia mkeka sebuleni, akamwekea kipande kikubwa cha samaki. Yeye mwenyewe alikula wali kwa mchuzi mtupu.

Alfajiri, ti.

Nadia alikuwa kwenye simu, na safari hii uso wake haukuganda. "Bibi, leo nakuona vizuri!" Lakini Bi Biubwa alikuwa akilitazama lile jina.

"Fundi," alinong'ona, "kipigie hodi."

Aiuba alibonyeza. "Kimeitika."

"Kutoka Mocímboa?"

"Hapana, bibi. Hakijavuka njia yoyote. Kimo humu humu ndani."

Ndipo, nyuma ya pazia la chumba cha Haula, kikasikika kikohozi, kisha sauti ya mwanamume, nyembamba kama ya mbu: "Mwambie mama asilale na njaa. Nakuja sasa hivi."

Bi Biubwa alijikokota hadi kwenye pazia, akasema kama mtu aliyefika nyumba ya watu: "Hodi."

Haula alitoka na simu iliyopasuka kioo, ameikumbatia kifuani. Sauti ilirudia maneno yale yale, na kikohozi kile kile. Bi Biubwa akaelewa: ni sauti ya Saburi iliyorekodiwa zamani.

"Simu aliniachia mimi siku ile," Haula alisema kwa kwikwi. "Kule msituni uliketi chini, ukasema hupigi hatua nyingine. Nikakwambia simu anayo, atatupigia tukifika. Ukanyanyuka. Tangu hapo sikuijua njia ya kurudisha neno langu. Naiwasha ukiwa umelala, nimsikie kidogo."

Machozi yalimchuruzika Bi Biubwa kama mvua ya masika. Kisha akamvuta mkwewe kifuani.

"Uliniongopea ili nitembee," alisema. "Basi nimetembea, mwanangu. Nimefika."

Wakaisikiliza pamoja mpaka adhana ikalia.

Kulipokucha, Bi Biubwa alilifungua furushi, akazirudisha nguo zake sandukuni. Aiuba alikuwa mlangoni, begi begani.

"Haitakatika tena, bibi. Sina kazi nyingine hapa."

"Njoo hivyo hivyo bila kazi, mwanangu. Usingoje kitu kiharibike. Usingelala kwetu jana, saa hizi ningekuwa ndani ya chapa, nafuata sauti iliyo chumba cha pili. Njoo tena, na kama una mke uje naye. Hawakukosea waliosema: mgeni njoo, mwenyeji apone."