Gogo la Nje ya Zahanati

Hapo zamani za kale, wanangu, ukungu ulikuwa ukishuka bondeni na kulala hadi adhuhuri, na wanyama wakitembea ndani yake taratibu kama walio ndotoni.

Katika ukungu huo palikuwa na zahanati. Mganga wake alikuwa Ngamia, mrefu, mweupe, mwenye maringo tele. Bawabu alikuwa Kifaru, nguvu anazo ila haoni mbali. Kwake yeye mgonjwa alikuwa rangi tu. Weupe aliwaingiza ndani kwenye mikeka. Weusi aliwakalisha nje, juu ya gogo lililolowa umande.

"Hodi!" alibisha Mama Fuko, amembeba bintiye Chausiku.

"Rangi gani?"

"Nyeusi, baba. Mtoto anaungua homa!"

"Kakae kwenye gogo. Mganga kasema nyinyi weusi hamsikii maumivu."

Siku ya kwanza wakakaa. Ya pili wakakaa. Siku ya tatu Chausiku aliacha kulia, na kimya hicho kilimtisha mamaye kuliko kilio chote.

"Nishikie mtoto, dada," alimwambia Nyati, jirani yake pale gogoni. "Nina kazi chini ya ardhi."

Fuku! Fuku! Fuku! Akachimba chini ya njia ya Ngamia, penye tope jeusi. Juu akaacha udongo mwembamba, akautandazia vijiua vyeupe.

Ngamia akaja, shingo juu, akinusa ukungu. Chini hatazami; mwenye maringo atatazamaje chini?

Tubwi!

Akatoka mweusi tii, tope puani, tope kooni, mguu umeteguka. Akachechemea hadi mlangoni.

"Fungua!" alikoroma. "Mguu wangu! Nakufa mie!"

Kifaru akakodoa macho. "Mweusi. Nenda kwenye gogo."

"Mimi ndiye mganga!"

"Ala! Na mimi ndiye twiga. Kakae huko, hamsikii maumivu nyinyi."

"Nasikia! Wallahi nasikia!"

"Wote husema hivyo."

Ngamia akaketi. Baridi ya gogo ikampanda hadi mifupani. Mara, puu! Mama Fuko akachomoza kichwa ardhini.

"Pole, bwana mganga. Unaumwa?"

"Naumwa, mama!"

"Na weusi wote huo?"

Ngamia akainamisha shingo. Akamgusa Chausiku kwa mdomo, mikononi mwa Nyati. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu mekoni. Siku tatu alikuwa hapo, hatua kumi tu kutoka kwenye dawa. Aibu ikamshika Ngamia, machozi yakachora michirizi myeupe kwenye tope. Akakohoa, akatema tope lote, sauti yake ikarudi.

"Kifaru! Fungua mlango!"

Kifaru akaijua sauti ya bwana wake. Akaufungua mlango upesi.

"Mtoto kwanza," alisema Ngamia. "Mguu wangu utangoja."

Ukungu ulipoinuka, Chausiku alikuwa akilia kwa sauti kubwa, anataka uji. Mama Fuko akacheka hadi akakaa chini. Na uji wenyewe ulipikwa kwa kuni za lile gogo.

Basi wanangu, maumivu hayana rangi, na mgonjwa akisema anaumwa, msadiki.