Fisi na Miti Mivivu

Fumba macho kidogo, mwanangu, uone bonde la mawe, jua kali, na mistari ya mipista. Mpista ni mti mfupi unaozaa pista, kokwa za kijani ndani ya ganda gumu. Mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili, matunda mengine yote yamekauka. Wanyama wa bonde walibaki na pista tu.

Shamba lilikuwa la Simba. Simba hakula pista hata moja, lakini alipenda sana kuitwa mwenye shamba.

Siku moja Fisi, mlinzi wa ghala, alifika kwake na uso wa huzuni.

"Mfalme, pista zimepungua ghalani."

"Zimepunguzwa na nani?"

Fisi alijifuta makombo mdomoni. "Na miti mitano mivivu, Mfalme. Inakunywa maji, inachanua, haizai hata kokwa moja."

"Mvivu katika shamba langu? Ikatwe!"

Sungura, mtunza miche, akapiga goti. "Mfalme, hiyo ni miti dume. Upepo hupeleka vumbi la maua yake kwenye miti jike. Bila vumbi hilo, miti jike hutoa maganda matupu."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo, bwana mdogo, asiyezaa ndiye anayezalisha! Mfalme, sikia maajabu!"

Simba alikuwa ameshasema, na Simba harudi nyuma. Miti ikakatwa. Kwa ujira wake Fisi aliomba nusu ya shamba, ile ya chini yenye miti minono. Nusu ya juu waliachiwa wengine wote, pamoja na Sungura na watoto wake wanane.

Sungura alikwea jabali lililo juu ya shamba. Huko mipista mwitu iliota kwenye nyufa, imepinda, kila mmoja na tabia yake. Miwili ilikuwa dume. Mmoja ulikuwa umeshapukutisha maua. Wa pili, mchelewaji, ndiyo kwanza ulichanua, siku zilezile miti jike ya shambani ilipochanua. Sungura akakata matawi yake, akayatundika nusu ya juu. Mengine akampelekea Fisi.

"Mzee Fisi, niyatundike na kwako?"

"Matawi ya wavivu? Toa takataka zako!"

"Kobe, umesikia?" Sungura akauliza.

"Nimesikia," akasema Kobe, aliyekuwa akipita tangu asubuhi.

Upepo wa majira yale ulipanda mlima, haukushuka kwa Fisi.

Wakati wa mavuno Fisi alijaza magunia kumi, akamwalika Simba aje kutazama. Akavunja pista ya kwanza: tupu. Ya pili: tupu. Gunia la kumi: tupu. Nusu ya juu, watoto wa Sungura walikuwa wanatafuna.

"Ndugu zangu," Fisi akaita, "si tugawane?"

"Nilisikia ukikataa," akasema Kobe.

Simba akaamuru ghala likaguliwe. Nyuma ya mkeka wa Fisi likakutwa rundo la maganda ya mwaka uliopita, yote yamelambwa.

"Hata mti mvivu hauli pista," akasema Kobe.

Basi Fisi akavuliwa ulinzi. Sungura alipandikiza vijiti vya ule mti dume mchelewaji na vya mwenzake kwenye miche mipya, ili mmoja ukiwahi, mwingine usubiri. Kila asubuhi Fisi huchota maji na kuimwagilia. Haizai. Anaimwagilia.

Nawe, mwanangu, ukisahau yote, tafadhali likumbuke hili moja: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.